Tairi za Njia Mbili

Mlioniandikia wiki nzima mkiuliza kama lori la Pazi lilitumbukia mtoni, haya, tulieni: halikutumbukia. Gurudumu la mbele la kushoto lilining'inia juu ya maji, Mwishehe akapiga shahada, kisha lori likarudi nyuma lenyewe na kuzama mtaroni mpaka ekseli. Hakufa mtu.

Lakini msishangilie. Heri lingetumbukia, na nitawaambia kwa nini.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, masika yamekolea, pale Marui kwenye njia ya Maneromango. Watu walikuwa watatu. Pazi mwenyewe, dereva na mwenye lori. Mwishehe, utingo wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Na Mzee Mwinyimadi, abiria waliyempakia Kisarawe asubuhi ile, kavaa kanzu nyeupe pee, na kifurushi amekipakata hataki kukiweka chini.

"Dereva!" Mwishehe alipiga kelele kutoka topeni. "Za nyuma zinashika! Hizi za mbele ndizo zinazotumaliza!"

Pazi akazidi kukanyaga mafuta. Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote duniani.

Kwa wewe uliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana, nasema mara moja tu, sirudii. Pazi ni mtu wa Kibaha, anabeba mizigo kwenye ile lami mpya, Mlandizi na Dar es Salaam, Dar es Salaam na Mlandizi. Miezi miwili na ushei iliyopita alikwenda Sofu, hapo hapo Kibaha, kwa Husseini, muuza tairi, kununua seti nzima. Alikwenda na mkewe Siwema, binti wa Mzee Abdala wa Maneromango.

Husseini akawawekea tairi tatu chini.

"Hii ya mistari ni ya lami," alisema. "Laini, haina kelele, inadumu. Lakini ikiona tope tu, imekwisha. Hii ya kashata kubwa, haya meno yaliyotokeza, inatafuna tope, ila ukiipeleka kwenye lami itanguruma njia nzima na kulika kama sabuni. Na hii ya tatu, kashata zake fupi, zimebanana. Haina ubingwa kwenye lami, haina ubingwa kwenye tope, lakini inakufikisha kote. Hii ni tairi ya mtu mwenye njia mbili."

"Chukua hiyo, mume wangu," Siwema akasema. "Kila masika tunashindwa kwenda kwetu."

Pazi akacheka. Mbele ya muuza duka, akacheka!

"Kwenu nitakwenda mara ngapi kwa mwaka? Mimi nakula lami. Nipe za mistari, Husseini, zote sita."

Siwema hakusema kitu pale dukani. Alisema nyumbani. Alisema, "Kumbe mimi huna habari na nilikotoka. Uliniokota barabarani?" Pazi naye akajibu, na Siwema akajibu, na maneno yakapandana, mpaka likatoka lile neno moja ambalo mwanamume akilitoa hawezi kulimeza. Talaka moja.

Siwema akafunga sanduku lake. Pazi alikuwa anataka kumwambia usiende, roho ilikuwa inamwambia sema, mpumbavu, sema. Akatoka nje kwenda kufuta kioo cha lori. Kioo chenyewe kilikuwa safi.

Watu wakaambiwa Siwema amekwenda kumuuguza mama yake. Hata Mwishehe aliambiwa hivyo, na Mwishehe akaamini, maana dereva wake hakuwahi kumdanganya.

Jumapili iliyopita ikaja barua kutoka kwa Biubwa, shangazi yake Siwema. Barua fupi. *Siwema yumo katika tohara ya tatu tangu umwache. Anatazamia kuuona mwezi wake wiki hii. Akiuona, eda imekwisha, nawe si mume tena. Mwenyewe analia kila siku, anajificha jikoni asionekane. Kama unamtaka mkeo, njoo umrejee. Usingoje.*

Sasa wewe msomaji ungefanya nini? Ungechukua fimbo ukaondoka, si ndiyo?

Pazi alikimbilia Sofu kutafuta tairi.

Usimcheke. Alitaka lori lifike uani kwa Mzee Abdala na tairi za njia mbili, Siwema azione kabla hajasikia neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuomba radhi. Akamweleza Husseini kila kitu, eda na barua na machozi, yeye peke yake katika watu wote wa Kibaha.

"Pole sana, ndugu yangu," Husseini alisema. "Lakini tairi hizo zimekwisha. Jumatano zinakuja. Ngoja Jumatano."

Akangoja. Jumatatu akangoja, Jumanne akangoja. Jumatano zikaja nne badala ya sita.

"Zifunge nyuma zote nne," Husseini akamwambia. "Za mbele hazivuti mzigo, zinaelekeza tu. Mbele nenda na hizo hizo za mistari, nenda salama."

Ndiyo hizo za mbele zilizokuwa zinaelekeza lori mtaroni Marui. Haya, turudi topeni.

Walipunguza upepo tairi za mbele mpaka zikalala. Wakakata matawi. Mwishehe akafunga kamba ya usumba kuzunguka gurudumu ili lipate meno. Lori likanguruma, likapanda shubiri mbili, likateleza likarudi pale pale.

"Dereva, kuna doti ya kanga hapo kitini," Mwishehe akasema huku akihema. "Nipe niitie chini ya gurudumu. Kitambaa kinashika."

"Kanga hizo usiziguse!"

"Za nani kwani?"

"Za mteja."

Hakukuwa na mteja. Kanga zilikuwa za Siwema. Pazi alikulia akiwaona wakubwa zake wakirejea wake zao hivyo: unakwenda mpaka mlangoni kwa wakwe, unapiga hodi, unamtilia mkeo doti mpya mkononi mbele ya baba yake, unasema nimekurudia. Hivyo ndivyo alivyojua yeye. Bila mlango na bila kanga, kwake hapakuwa na kurejea.

Adhuhuri ikawakuta pale pale. Mzee Mwinyimadi akawaongoza, wakasali watatu ukingoni, kanzu ya mzee imepata tope magotini. Pazi aliomba dua ndefu kuliko kawaida yake. Mzee akaliona hilo.

"Kijana," alisema wakikunja mkeka, "una shida nzito. Una mke?"

Pazi akakung'uta mkeka.

Hebu ingia moyoni mwake. Akisema ninaye, aliona ni uongo, maana bado hajafika mlangoni. Akisema nimemwacha, mzee ni mgeni, anakwenda Maneromango huko huko, ataifikisha habari kila baraza. Na Mwishehe yupo hapo, masikio wazi.

"Mke sina, mzee," alisema. "Nina lori tu."

Mwishehe akageuza uso, akadhani dereva anatania kama ilivyo ada ya madereva. Mzee Mwinyimadi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Basi Mungu atakupa," alisema.

Saa nane lori likatoka. Walilisukuma na vijana wanane waliokuwa wakitoka shamba, na Pazi aliwashukuru kwa chumvi aliyokuwa amewabebea wakwe. Tairi za nyuma zikashika njia kama ilivyoahidiwa. Saa kumi alasiri akaingia Maneromango, akapiga honi mara mbili kama alivyokuwa akipiga zamani alipokuwa anachumbia.

Hakutoka mtu akikimbia kumlaki.

Mzee Abdala alikuwa barazani, msahafu umefungwa mapajani, wanafunzi wa chuo wamekwisha kwenda zao. Pazi akashuka na doti yake kwapani, tope mpaka kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu." Mzee Abdala hakuinuka. "Umechelewa, Pazi."

"Njia, baba. Lakini nimefika. Nimekuja kumrejea mke wangu. Mwite, kanga zake hizi hapa."

Mzee akatazama zile kanga.

"Leo adhuhuri," alisema, "mama yake amenijia hapa akilia. Siwema ameuona mwezi wake. Eda imekwisha."

Jamani! Adhuhuri! Pazi alishika nguzo ya baraza.

"Baba, nilikuwa njiani. Tangu alfajiri niko njiani nakuja kwake!"

"Adhuhuri yenyewe ulikuwa wapi?"

"Marui. Nimezama mtaroni."

"Peke yako?"

"Na utingo wangu Mwishehe, huyu. Na mzee huyu, abiria."

Mzee Abdala akawatazama wawili wale, mmoja mmoja. Halafu akafunga macho, na sauti ilipomtoka ilikuwa sauti ya mwalimu aliyechoka.

"Waislamu wawili, watu wazima, wenye akili zao, mashahidi tosha. Na wewe una ulimi. Ee Pazi! Nani alikwambia mtu hurejea mkewe kwa magurudumu? Mtu hurejea kwa neno. 'Nimemrejea mke wangu Siwema.' Ungelisema pale topeni, ungelisema hata Kibaha siku ulipopata barua, angekuwa mkeo tangu hapo, hata lori lingekaa mtaroni mwezi mzima. Kanga ni ada zetu tu. Mlango ni ada zetu tu. Neno ndilo lililokuwa linatakiwa!"

Pazi hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akajibwaga chini kwenye udongo. Mwanamume mzima, dereva wa lami, alilia kwa sauti barazani kwa wakwe zake. Tangu Jumapili! Siku nne nzima, kila alipokaa, kila alipokula, neno lilikuwa mdomoni mwake.

Mzee Abdala naye alimpenda. Nasema kweli, alimpenda, ndiyo maana akajaribu tena.

"Labda ulisema kitu," alisema kwa haraka. "Neno lolote, tulipime. Ulimtaja? Ulisema 'mke wangu'? Enyi mashahidi, adhuhuri ile alisema nini huyu kuhusu mkewe?"

Mwishehe akainamisha kichwa.

Ndipo Mzee Mwinyimadi akasogea mbele, polepole, kifurushi kifuani.

"Mimi nilimuuliza," alisema. "Wallahi sikujua ni nani. Tumetoka kusali, nikamuuliza una mke? Akasema, mke sina. Nina lori tu."

Nyuma ya mlango kitu kilianguka. Kilikuwa kikombe cha bati. Siwema alikuwa amesimama pale muda wote, kashika kikombe cha maji ya kumpelekea mgeni.

Shangazi Biubwa alionekana kidogo dirishani, mkono kichwani.

"Basi," Mzee Abdala alisema mwishowe. "Ni talaka moja, njia haikufungwa milele. Ukimtaka, ni posa upya, mahari upya, na ridhaa yake yeye. Sasa yuko huru, anayetaka na apose."

Aliposema hivyo, Mzee Mwinyimadi akakohoa.

"Nanyi mnisamehe," alisema, na jasho lilikuwa linamtoka. "Ningejua mambo yako hivi nisingepanda lori hili. Lakini nimetumwa, na mjumbe hauawi. Nilikatazwa nisifungue kinywa mpaka nihakikishe eda imekwisha. Imekwisha." Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha hariri, na barua. "Mimi ni mshenga. Nimeleta posa ya Siwema binti Abdala."

Pazi akainua uso wenye tope na machozi.

"Posa ya nani?"

"Ya mtu wa Sofu. Muuza tairi. Husseini."

Msomaji, uliona? Mimi mwenyewe nilipoandika hapa nilisimamisha kalamu.

"Dereva," Mwishehe akasema. "Hizi tairi nne. Jumapili nilikwenda kwa Husseini kuziba tyubu. Nilizikuta kwa nyuma, zimefunikwa gunia, na mbili nyingine pembeni. Sita. Nilidhani ni za mtu."

Sita! Zote sita zilikuwepo tangu siku ya kwanza!

Pazi akaruka wima, akaokota spana garini, akapiga kelele kwamba leo Sofu patatoka maiti. Mwishehe akamkumbatia kwa nyuma. Mzee Abdala akasimama, msahafu mkononi.

"Ngojeni."

Ilikuwa sauti ya Siwema. Mkono ukatoka mlangoni, ukachukua barua kwa mshenga. Mlango ukafungwa. Walikaa pale, mbuzi wa jirani akipita na kurudi, mpaka mkono ukatoka tena na barua nyingine, imekunjwa mara nne na kubandikwa kwa uji wa ngano. Binti wa mwalimu huyo, anajua kuandika.

"Hilo ndilo jibu langu," alisema. "Mzee, likafike kwa mwenyewe kama lilivyo, asilifungue mtu."

Kisha akatoka nje kabisa, kajitanda kanga mpaka paji la uso. Alikuwa amekonda. Hakumtazama Pazi, alikwenda moja kwa moja kwenye lori, Pazi akamfuata hatua tano nyuma kama mtu anayefuata jeneza.

Siwema akainama kwenye tairi za nyuma, akaweka kiganja juu ya kashata zilizojaa tope la kwao. Akaligusa lile tope kwa kidole.

"Ulizinunua," alisema.

"Nilitaka uzione kwanza. Ndiyo maana nilingoja."

"Sikukuomba tairi, Pazi. Nilikuomba uwe unafika. Jumapili ungeondoka kwa miguu, Jumatatu ungekuwa hapa, na mimi ningekuosha miguu." Akapangusa kidole kwenye kanga. "Kila lori likinguruma nilikuwa natoka nje. Mpaka wenzangu wakanicheka."

Akazunguka mbele. Akaziona zile mbili za mistari, laini, zimeng'aa.

"Na hizi mbili je?"

Pazi akasogea karibu.

"Siwema, mke wangu..."

"Sasa unasema," alijibu Siwema, na machozi yakamtoka hadharani. "Sasa ndiyo unasema. Bwana Pazi, si halali kulala kwetu leo, wewe ni mtu baki. Na njia hii haina gari jingine. Mrudishe mzee na jibu langu kwa aliyemtuma."

Akamwita Bwana Pazi. Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kumwita hivyo.

Wakapanda. Mzee Mwinyimadi alikaa kati, barua kaitia mfuko wa ndani wa kanzu, upande wa Pazi. Pazi akawasha moto. Kwenye kioo alimwona Siwema bado kasimama, mikono kaificha ndani ya kanga aliyojitanda, na lori likakata kona, asimwone tena. Wakaipita nyumba ya mwisho.

Ndipo Mwishehe akagonga paa la kibanda toka ndani kwa ngumi.

"Dereva! Zile kanga za mteja umeziweka wapi?"

Pazi akapapasa kitini. Akapapasa chini ya kiti. Alizidondosha barazani alipoanguka? Hapana, aliziokota, alizirudisha mwenyewe kitini kabla ya kuchukua spana, anakumbuka. Mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi wakati wote Siwema alipokuwa akizunguka lori.

Doti haikuwapo.

"Mzee," Pazi alisema, "barua hiyo aliiandika kabla hajatoka nje, kabla hajachukua kanga, sivyo?"

"Kabla," alijibu Mzee Mwinyimadi, na mkono wake ukaenda kifuani kuilinda.

"Geuza, dereva!" Mwishehe alipiga kelele. "Geuza lori!"

Pazi akakata usukani mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imeanza tena, mtaro kushoto, mtaro kulia. Tairi za nyuma zilishika njia, zikasukuma kwa nguvu zote, na zile mbili za mbele zikateleza moja kwa moja kuelekea Kibaha.